Uzio Umeanguka, Usikimbilie Pesa ya Nyumbani

Wiki hii tunaongea kuhusu kitu ambacho karibu hakuna anayekiweka kwenye bajeti: ule uzio wa mbao wa nyuma ya nyumba. Ukisimama humwoni. Siku ukianguka ndiyo unajua ni pesa.

Dada mmoja wa Blacktown, anafanya kazi ya kutunza wazee, aliamka akakuta upepo wa usiku umeilaza fensi yote upande wa jirani. Nguzo zilikuwa zimeoza chini siku nyingi. Yeye ana watoto wadogo, jirani ana mbwa mkubwa. Asubuhi hiyo hiyo akaita fundi, akaambiwa dola 2,880 kwa mita 18, akalipa zote. Alizitoa wapi? Kwenye karo ya mdogo wake Nakuru, iliyokuwa itumwe Ijumaa. Mdogo wake akakaa nyumbani wiki mbili.

Alipotupigia simu hakuuliza habari za uzio. Aliuliza wapi atapata mkopo wa haraka. Sisi tukamuuliza swali moja tu: "Dada, hiyo fensi ni ya nani?" Akanyamaza. Nyumba yenyewe amepanga.

Tunamwelewa kabisa. Huko kwetu ukuta wa matofali au ua wa michongoma ni wa aliyeujenga. Unajenga ndani ya kiwanja chako, unalipa, basi. Huwezi kumpelekea jirani hesabu. Lakini hapa Sydney uzio wa mpakani una sheria yake, na anayelipa bila kuuliza analipa deni la watu wengine.

Kama umepanga

Uzio si wako. Ni wa mwenye nyumba na jirani yake. Kazi yako ni kutoa taarifa haraka: piga picha, mwandikie ejenti barua pepe siku hiyo hiyo, eleza hatari iliyopo, kama watoto, mbwa au wezi.

Sheria ya upangaji ya New South Wales inahesabu uharibifu mkubwa wa dhoruba, na kasoro inayofanya nyumba isiwe salama, kuwa matengenezo ya dharura. Ukishatoa taarifa na kumpa mwenye nyumba nafasi ya kutosha, naye akakaa kimya, unaweza kutengeneza kwa gharama isiyozidi dola 1,000 na kudai pesa yako. Akishapata maandishi yako yenye risiti, ana siku 14 za kukurudishia. Angalia mpangilio wake: taarifa kwanza, fundi baadaye. Na usikate kodi ya nyumba kwa hasira. Ukichelewa siku 14, unaweza kupewa notisi ya kuhama.

Dada yetu aligeuza mpangilio. Ejenti akajibu kwamba mwenye nyumba hakupewa nafasi. Baada ya wiki kadhaa za kuandikiana, mwenye nyumba alikubali kwa hiari yake kurudisha nusu, dola 1,440. Nusu ya pili jirani aliikataa, akasema hakuulizwa. Hiyo dola 1,440 imekwenda.

Kama nyumba ni yako

Dividing Fences Act ya 1991 inasema wenye viwanja viwili wanachangia nusu kwa nusu uzio wa kutosha. Wewe ukitaka wa bei zaidi, kwa mfano Colorbond ndefu wakati mbao za kawaida zinatosha, ile nyongeza ni juu yako.

Kwanza nenda ukabishe hodi, ongea na jirani vizuri. Halafu mpe notisi ya maandishi: uzio utapita wapi, ni wa aina gani, utagharimu kiasi gani. Ambatisha bei za mafundi wawili au watatu. Mwezi mmoja ukipita hamjaelewana, yeyote kati yenu anaweza kwenda Local Court au baraza la NCAT. Kama hali ni ya haraka na haiwezekani kumpa notisi kwanza, unaweza kujenga halafu ukadai nusu yake, lakini hapo picha na risiti ndizo mashahidi wako.

Mambo mawili ya kuangalia. Kama upande wa pili ni bustani ya kaunsili au barabara, kaunsili halazimiki kuchangia. Na kama uzio umeangushwa kwa uzembe wa mtu, huyo ndiye anabeba gharama.

Bima

Bima ya vitu vya mpangaji kwa kawaida haihusu uzio. Bima ya jengo inaweza kulipa dhoruba, lakini wataangalia kama mbao zilikuwa zimeoza tayari. Halafu kuna ile sehemu unayojilipia mwenyewe kwanza. Tuseme nusu yako ni 1,440 na sehemu hiyo ni 1,000: bima itakupa 440 tu. Piga hesabu kabla ya kudai.

Fundi

Baada ya dhoruba watu wanagonga milango: "Nalipwa kash, nafanya leo." Pole pole. Kazi ya nyumba inayozidi dola 5,000, vifaa na ufundi pamoja, inahitaji fundi mwenye leseni na mkataba wa maandishi, na malipo ya kwanza hayatakiwi kuzidi asilimia 10. Leseni unaikagua mtandaoni bure. Hata kazi ikiwa ndogo, usitoe hela yote kabla nguzo hazijasimama.

Nyinyi ndugu zetu wa saiti mnaweza kujenga wenyewe, na ni njia nzuri ya kuokoa pesa: jirani anunue mbao, wewe utoe nguvu. Lakini muandikiane kabla ya kuanza. Kabla ya kuchimba mashimo, omba ramani za mabomba na nyaya kwa Before You Dig Australia, ni bure. Na zile mbao za zamani zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani kijani, msizichomee nyama. Nyingi zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

Kama mti umeangukia paa au kuna hatari nyingine ya dhoruba, piga SES 132 500. Maisha yakiwa hatarini, 000.

Mfuko wa dharura

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi hii toka nyuma, tikisa nguzo moja moja. Ikicheza, mwandikie ejenti au ongea na jirani sasa, kabla ya upepo.

Halafu fungua akaunti ya pembeni, dola 20 kila wiki. Kwa mwaka ni dola 1,040. Hiyo isichanganywe na pesa ya kutuma. Wengi wetu tuna akaunti moja tu, ndiyo maana kila dharura ya Sydney inalipwa na mtu aliyeko Nakuru, Bukavu au Tanga, ambaye hata huo uzio hajauona.

Dada yetu ameshaanza. Karo ya muhula huu aliituma wiki moja kabla, halafu akatutumia picha ya risiti. Hakuandika neno, na sisi hatukuhitaji.