Kamyo kubwa mu barabara: tuzifukuze ao tuziwekee sheria?

Tarehe 4 mwezi wa pili 2024, wakaaji wa Paris kule Ufaransa waliitwa kupiga kura juu ya motokari kubwa. Swali lilikuwa moja: mutu anayeingia mu muji na jeep nzito, alipe parking mara tatu kuliko wengine? Wengi kati ya waliopiga kura walisema ndiyo. Tangu mwezi wa kumi mwaka ule, mugeni mwenye motokari ya mafuta ya kupita kilo 1,600 analipa euro 18 kwa saa moja mu katikati ya muji. Hakuna aliyekatazwa kuendesha. Bei tu njo inamuuliza: uko na lazima ya gari ya namna hii?

Sisi wa Lubumbashi tunaweza kucheka. Kilo 1,600? Hapa mwenye jeep hatuna kesi kubwa naye. Wakati wa mvua kuko njia mu makomini yetu ambazo motokari ndogo haipiti. Kwetu gari kubwa ni ile ya magurudumu makumi mawili na zaidi, inayotoka Kolwezi na shaba, inapita Likasi, inafika huku, kisha inashuka Kasumbalesa. Pale njo swali la Paris linatugusa. Mu mikutano ya sendika, kila mara kuko mwenye kusimama na kusema: kamyo zikatazwe. Na kila mara kuko mwingine wa kumujibu: ukikataza kamyo, mugodi unafunga, na batoto wetu wanalala njaa. Wote wawili wanasema kweli. Basi tuliangalie jambo hili polepole.

Hesabu ya shaba

Mu 1986, wakati Gécamines ilikuwa ingali na nguvu, ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka, na sehemu kubwa ilisafiri na treni. Leo inchi yetu inatoa zaidi ya tani milioni mbili na nusu, na sehemu kubwa inapita mu barabara. Kamyo moja inabeba kama tani 30. Kama shaba yote ile ingepanda kamyo, ni safari zaidi ya 80,000 kwa mwaka, ni kusema zaidi ya 220 kila siku, hata siku ya Mungu na sikukuu. Na hatujahesabu kobalti, wala zile kamyo zinazorudi na kiberiti, asidi, chokaa na mazuti, sababu bila vile vitu mugodi hauwezi kufanya kazi.

Barabara ile ile njo inapitisha bisi za wafanyakazi wanaoenda ku kazi, bamama wanaopeleka makala na unga ku soko, batoto wanaotoka masomo. Mu mwezi wa pili 2019, kwenye barabara ya Kolwezi, upande wa Tenke, kamyo ya asidi ilipata aksida na bisi. Karibu watu 20 walikufa, na wengine waliunguzwa na asidi. Walikuwa wasafiri tu. Yule anayesema kamyo zikatazwe, mara nyingi ni mutu aliyezika ndugu yake.

Uzito njo unaua barabara

Watu wengi wanafikiri barabara inaharibika sababu kamyo ziko mingi. Ni kweli nusu. Mwisho wa miaka ya 1950, Wamarekani walitengeneza barabara za majaribio kule Illinois, wakapitisha kamyo juu yake kwa miaka miwili, wakipima uharibifu. Waliona jambo moja ambalo kila delege wa sendika anapashwa kulijua. Muzigo juu ya ekseli, ile chuma inayoshika magurudumu, ukiongezwa mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili. Unakaribia mara 16. Weka tani 12 juu ya ekseli yenye haki ya tani 10, na tayari barabara inaumia mara mbili. Motokari ndogo, hata elfu zikipita, hazifanyi kitu mbele ya kamyo moja iliyozidisha.

Ndiyo sababu inchi za SADC na COMESA, na sisi tuko ndani, ziliweka kipimo cha tani 56 kwa kamyo nzima na muzigo wake. Kule Zambia na Tanzania mizani iko njiani, na anayezidisha analipa. Hapa kwetu mashimo ya barabara njo yanatuonyesha namna mizani inafanya kazi.

Tukubaliane: mwenye kuzidisha muzigo anajifanyia faida ya tani mbili tatu kwa safari, na deni ya barabara anatuachia sisi wote. Inarudi ku bei ya unga, ku bei ya transport, ku bisi inayovunjika asubuhi na mufanyakazi anakatwa siku yake.

Shofele ni mufanyakazi

Hapa tunaomba wasomaji wetu wasikosee adui. Kamyo ikianguka, watu wanakimbilia kumupiga shofele. Lakini shofele hakujaza kamyo. Hakuchagua saa ya kutoka. Kama analipwa kwa safari na si kwa siku, basi kulala ni kupoteza mukate. Ku Kasumbalesa musururu unafika kilometre na kilometre. Mutu anakaa siku nyingi ndani ya kabini, bila choo, bila maji, na usiku wezi wanazunguka. Mu mwezi wa munane 2024 Zambia ilifunga mupaka kwa siku chache, juu ya ugomvi wa biashara, na kamyo zilibaki zimesimama pande zote mbili. Shofele kutoka Dar es Salaam ao Ndola iko na bibi na batoto wanaomungojea sawa vile wetu wanatungojea.

Kusema "tuwavunje moyo wenye kuendesha gari kubwa", kama tunamaanisha shofele, ni kupiga mukono na kuacha kichwa. Wa kuvunjwa moyo ni yule anayepakia.

Na treni?

Wengi wanasema: rudisha vyote ku treni. Sisi pia tunapenda. Reli ilifika Elisabethville mu 1910, na muji huu ulikomaa pamoja nayo. Mu 1931 reli ya Benguela iliungana na ya Katanga, na shaba ilishuka mupaka Lobito, ku bahari. Vita ya Angola ilikata njia ile mu 1975. Sasa kompanyi ya Lobito Atlantic Railway ilipata kibali cha miaka 30 upande wa Angola, na tangu 2024 inapitisha muzigo wa shaba. Treni moja inaweza kuondoa makumi ya kamyo mu barabara kwa mara moja.

Lakini tusidanganyane. Reli ya SNCC upande wetu imezeeka. Mu mwezi wa tatu 2022, upande wa Lubudi, treni ya mizigo ilianguka na zaidi ya watu 60 walikufa, watu waliopanda juu ya mabehewa sababu hawakuwa na namna ingine ya kusafiri. Na wacheminot wenzetu wanajua maana ya kumaliza miezi bila mushahara. Reli bila pesa ya kuitengeneza, na bila mushahara wa wanaoichunga, itatuua pia. Kazi ile ni ya miaka. Barabara inaua leo.

Kile tunachoomba

Hatuombi kamyo zikatazwe. Tunaomba kamyo nzito iwe kitu cha gali kwa yule anayefaidika nayo. Kamyo ipimwe ku mulango wa mugodi, mbele ya kutoka, na karatasi ya mizani ionekane na delegasyo ya sendika. Peaji ifuate uzito wa ekseli, si hesabu ya magari tu. Anayepita kipimo ashushe muzigo palepale, na faini ilipwe na mwenye muzigo, isikatwe ku mushahara wa shofele. Asidi isipite usiku, wala saa batoto wanatoka masomo. Parking zijengwe inje ya barabara, na maji na choo. Shofele alipwe kwa siku. Na kila kompanyi yenye reli karibu ionyeshe kila mwaka tani ngapi imehamisha kutoka barabara kwenda ku treni.

Mambo haya hayangojei sheria mupya ya Kinshasa yote. Karatasi ya mizani na saa za kutoka zinaweza kuingia mu mapatano kati ya kompanyi na wafanyakazi, sababu ni jambo la usalama wa kazi: ile bisi inayokutana na kamyo ni bisi yetu. Wadelege, mukiingia tena mu mazungumuzo ya convention collective, muombe kwanza karatasi za mizani za miezi tatu. Kompanyi ikikataa kuzionyesha, andikeni kukataa kule mu procès-verbal, na wafanyakazi wote wakusome.