Muziki Usioandikwa Huamuliwaje?

Muhula uliopita bendi yetu ilikwenda kushindana na bendi za shule nyingine, nami nilikuwa mpiga tarumbeta wa pili. Katika wimbo wetu wa mwisho palikuwa na vipimo vinane ambavyo katika mazoezi nilivipiga siku zote kama vilivyoandikwa. Siku ile, sijui ni furaha au kiherehere, niliiacha njia ya karatasi nikapita njia yangu mwenyewe, kisha nikawarudia wenzangu. Watu walipiga makofi. Lakini karatasi ya mwamuzi ilipofika tulikuta imeandikwa: "Tarumbeta ya pili, makosa ya noti." Tulipunguziwa alama nne, tukashindwa kwa alama tatu. Bweni halisahau, mpaka leo wenzangu waniita Alama Nne.

Siandiki haya ili kumlalamikia mwamuzi. Wimbo ulikuwa umeandikwa, nami sikuufuata. Lakini tangu siku hiyo swali moja halikunitoka kichwani: je, muziki ambao mpigaji anaubuni papo hapo, mbele ya watu, waweza kutolewa alama? Nilipotafuta katika maktaba na katika chumba cha kompyuta niliona kwamba huko Marekani wako watu waliolishika swali hili tangu mwaka 1987, nao wamefanya mashindano ya vijana wapigao jazi, wakiwaalika kutoka nchi zote.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno hilo, maana kwetu laweza kumpoteza msomaji. Babu zetu walicheza dansi la Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz, lakini bendi hizo zilipiga zaidi rumba na mitindo ya hapa nyumbani; "jazz" lilikuwa jina tu la bendi ya kisasa. Jazi ninayoieleza ilizaliwa miongoni mwa watu weusi wa Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya ishirini, na roho yake ni kubuni papo hapo.

Wengi hudhani kubuni ni kupiga ovyo. Sivyo hata kidogo. Fikirini malenga wawili wanaojibizana. Wa kwanza ametoa ubeti wenye vina vyake na mizani kumi na sita katika kila mshororo. Wa pili ana uhuru wa kusema atakalo, lakini hana uhuru wa kuvunja vina wala mizani, na tena jibu lake lazima lionyeshe kwamba alimsikiliza mwenzake. Jazi ni vivyo hivyo. Wimbo huwa na vipimo vyake, mara nyingi 12 au 32, na chini yake pana mpango wa sauti unaojulikana na wapigaji wote. Bendi hupiga kwanza wimbo wenyewe. Kisha kila mmoja kwa zamu hubuni wimbo mpya juu ya mpango uleule, huku piano, besi na ngoma zikizunguka kutoka kipimo cha kwanza hadi cha mwisho, tena na tena. Mwishoni wote huurudia wimbo. Mpigaji hodari ajua kila wakati yupo kipimo gani, kama dereva wa basi ajuavyo kona za njia yake usiku.

Basi, mashindano yenyewe yaliitwa kwa jina la Thelonious Monk, mpiga piano aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1982. Mwaka 1986 jamaa zake, pamoja na mwimbaji wa opera Maria Fisher, waliunda taasisi ya kufundisha jazi, na mwaka uliofuata mashindano yakaanza. Mshindi wa kwanza alikuwa Marcus Roberts, mpiga piano ambaye ni kipofu. Mwaka 2019 taasisi ilibadilishwa jina, ikaitwa kwa jina la mpiga piano mwingine mashuhuri, Herbie Hancock.

Kila mara chombo kinachoshindaniwa huwa kimoja tu: mara hii piano, mara nyingine saksafoni, au tarumbeta, au gitaa, au sauti ya mwimbaji. Mwaka 2000 zilikuwa ngoma za kupigwa kwa mikono, akashinda Pedro Martínez, mzaliwa wa Havana huko Kuba. (Hapa wapiga ngoma wa bweni letu, wanaopigiwa kelele kila Jumamosi, wachukue moyo.) Vijana hupeleka rekodi zao, nazo huchujwa hata wabaki kiasi cha kumi na wawili hivi. Hao huitwa nusu fainali, ambayo mara nyingi imefanyika Washington na miaka mingine Los Angeles. Kila mmoja hupewa muda mfupi, na bendi moja huwasindikiza wote. Jambo hili ni la maana sana, kwa kuwa hakuna awezaye kuja na rafiki zake wa kumfichia udhaifu. Mwisho hubaki watatu tu.

Katika washindi wote niliosoma habari zao, aliyenivuta zaidi ni Melissa Aldana wa Chile. Alizaliwa Santiago mwaka 1988, katika nyumba ya saksafoni: babu yake Enrique alikuwa mpigaji, na baba yake Marcos pia. Melissa alianza akiwa na miaka sita, akifundishwa na baba yake kwa njia ya masikio, yaani kusikiliza rekodi za mabingwa kama Charlie Parker na kuziiga kipande kwa kipande. Baadaye alimsikia Sonny Rollins, akaacha saksafoni ndogo ya alto akachukua ya tena, nayo ilikuwa ile ya babu yake.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1991 mashindano yalikuwa ya saksafoni, na Marcos Aldana alifika nusu fainali. Hakushinda. Mwaka 2013 saksafoni ilishindaniwa tena, na binti yake akasimama mahali pale baba yake alipoishia. Akafika fainali, akashinda. Alipewa dola 25,000 za kumwendeleza pamoja na mkataba wa kurekodi, akawa mwanamke wa kwanza kushinda kwa kupiga chombo. Wanawake waliomtangulia walikuwa wameshinda kwa kuimba tu. Mimi nilipofika hapo niliacha kusoma kidogo, nikamfikiria yule baba.

Nasema ni mashindano ya vijana, lakini ukweli haukosi vituko. Mwaka 1998, katika uimbaji, Jane Monheit mwenye miaka 20 alishika nafasi ya pili. Aliyemshinda ni Teri Thornton, mwenye miaka 64.

Turudi kwenye swali langu. Waamuzi hutafuta nini? Jibu la kwanza ni kwamba waamuzi wenyewe huwa wapigaji. Waliomhukumu Aldana walikuwa watu wa saksafoni, miongoni mwao Jimmy Heath, aliyezaliwa mwaka 1926, na Wayne Shorter, aliyezaliwa mwaka 1933. Watu kama hao hawakai na karatasi ya noti wakitia alama ya mkasi penye kosa, maana hakuna karatasi. Kwa nilivyoelewa, wao husikiliza kama mpigaji ana sauti yake mwenyewe, isiyo ya bingwa aliyemwiga. Kama aweza kukaa katika mapigo bila kukimbia wala kuburutwa. Na zaidi ya yote, kama anawasikia wanaomsindikiza. Mpiga ngoma akibadili kitu, je, yeye amejibu, au ameendelea na hotuba aliyoikariri chumbani?

Na kosa je? Herbie Hancock amesimulia mara nyingi habari iliyompata alipokuwa kijana katika bendi ya Miles Davis, miaka ya 1960. Walikuwa Stuttgart, Ujerumani, na muziki ulikuwa umepamba moto. Katikati ya zamu ya Davis, Hancock akabonyeza sauti zisizo zake kabisa. Akashtuka, akadhani ameharibu kila kitu. Davis akatua kidogo, kisha akapiga noti ambazo ziliifanya ile sauti iliyopotoka ionekane kana kwamba ilikusudiwa. Hancock asema Davis hakuisikia kama kosa. Aliisikia kama jambo lililotokea, akalitafutia mahali pake. Niliisoma habari hiyo kwa sauti bwenini. Rafiki yangu wa kitanda cha juu akauliza kama Miles Davis naye alipunguziwa alama nne.

Hata hivyo sidhani kwamba waamuzi hao waona kila kitu. Katika yale mashindano ya mwaka 1991, wa tatu alikuwa Chris Potter, ambaye leo ni mmoja wa wapiga saksafoni wanaoheshimiwa sana duniani. Wa kwanza alikuwa Joshua Redman, na habari zake lazima niziandike kwa uangalifu, maana gazeti hili wazazi nao hulisoma. Redman alikuwa amemaliza Chuo Kikuu cha Harvard mwaka huohuo kwa daraja la juu kabisa, na Chuo Kikuu cha Yale kilikuwa kimekwisha mpa nafasi ya kusomea sheria. Aliomba kungojewa mwaka mmoja ili apige muziki kidogo. Ndani ya mwaka huo akashinda, na Yale hawakumwona tena. Baba yangu anataka niende kidato cha tano kusoma sayansi, nami nitakwenda nikifaulu. Naomba aangalie tu kwamba Redman alimaliza masomo yake kwanza.

Na Monk mwenyewe, mwenye jina, angefika nusu fainali? Mimi nina shaka. Alipoanza kurekodi kwa jina lake mwaka 1947, wengi walisema hajui kupiga piano. Rekodi zake hazikununuliwa sana. Mwaka 1951 alinyang'anywa kibali cha kupiga katika vilabu vya New York, akakaa hivyo hata mwaka 1957. Ilipofika mwaka 1964 picha yake ilitokea juu ya gazeti la Time. Vidole ni vilevile, na noti ambazo watu waliziita makosa ni zilezile.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa bendi habari hii ya Monk, nikidhani nimepata wakili. Alicheka sana. Kisha akaniambia nichukue tarumbeta, nipige tena vile vipimo vinane nilivyovipiga siku ya mashindano, huku yeye akihesabu kwa kugonga meza. Mara ya kwanza nilirudi kwenye wimbo nikiwa nimechelewa pigo moja. Mara ya pili vilevile. Akaniuliza kama siku ile nilirudi mahali pake kweli, au wenzangu ndio waliningoja. Sikuwa na jibu. Mara ya tano nilirudi sawasawa, akasema nije tena Jumatano.