Vimondo vya Jeminidi katika Anga la Dar es Salaam
Kiwango cha vimondo 150 kwa saa kinachotajwa kuhusu Jeminidi, ambavyo hufikia kilele usiku wa kuamkia Desemba 14, hukokotolewa kwa anga lenye giza kamili na chimbuko lililo utosini. Dar es Salaam, chimbuko hilo halipandi zaidi ya nyuzi 50 hivi, baada ya saa nane usiku. Taa za jiji zikificha nyota zote hafifu kuliko daraja la 4, mtazamaji atarajie takribani vimondo 10, mawingu ya vuli yakiruhusu. Hivyo, hesabu isiyotaja daraja hilo haifai kulinganishwa na nyingine.

Kwa kamera, kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu hakuongezi mng'ao wa kimondo kilichokwisha kupita. Huongeza mwanga wa jiji tu. Zifaazo ni picha nyingi za sekunde chache, ingawa kuzipitia moja moja huchosha.