Ndugu Wawili na Ndege wa Nchi ya Mvua

Ninyi mkaao Bukavu au Butembo, na ninyi mliojenga juu kuelekea mlima Kahuzi, baridi mnaijua. Ni asubuhi, ukungu umefunika migomba, mvua nyembamba inanyesha bila kelele, na mtoto aendaye shule amejifunika gunia kichwani. Siku kama hiyo kila mwenye akili hukaa jikoni karibu na moto. Sasa fikirini mtu aliyechutama katika majani yaliyojaa maji, mavazi yamelowa mpaka ngozini, meno yanagongana, saa moja, saa mbili, saa tatu, wala hasogei, wala hasemi, wala hakohoi. Je, ni mwindaji? La, hana mkuki wala bunduki. Mbele yake amesimamisha kamera, na hatua chache mbele ya kamera kuna kichaka, na ndani ya kichaka ndege mdogo ameatamia mayai manne.

Kazi hii ya kupiga picha za ndege wa porini si ya zamani sana. Miongoni mwa mafundi wake wa kwanza walikuwa ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton. Richard alizaliwa mwaka wa 1862, Cherry mwaka wa 1871, katika kijiji cha Thwaite, kwenye milima ya Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Huko kondoo ni wengi, na mvua haingoji majira yake: hunyesha wakati wa baridi, hunyesha na wakati wa jua. Richard aliumia nyonga utotoni, akabaki akichechemea maisha yake yote. Lakini alikuwa na kipawa: alijua kuigiza sauti za ndege hata ndege wenyewe wakadanganyika. Mwaka wa 1882 bwana mmoja wa nyumba ya vitabu ya Cassell, iliyokuwa London, alifika Yorkshire kuwinda ndege wa jamaa ya kwale. Alipomwona kijana huyu akiwaita ndege, nao wakija, alipendezwa naye mno, akampa kazi mjini. Baadaye Cherry alimfuata kaka yake. Hivyo ndivyo wana wawili wa wachunga kondoo walivyoingia katika kazi ya vitabu.

Tarehe 10 Aprili 1892, katika mashamba yaliyo karibu na London, Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai, kiota cha ndege wa kahawia mwenye madoadoa kifuani, aimbaye vizuri. Yasemekana ndiyo picha ya kwanza ya namna hiyo katika nchi yao. Mtasema: kiota hakiruki, kuna ustadi gani? Ni kweli, kiota hakiruki. Lakini angalieni vyombo vyao. Kamera ya siku zile ilikuwa sanduku zito la mbao lililowekwa juu ya miguu mitatu. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi kichwani ili aone. Picha haikuingia katika filamu, sembuse katika simu. Iliingia katika bamba la kioo lililopakwa dawa, na kila bamba lilichukua picha moja tu. Likivunjika njiani, kazi ya siku nzima imepotea.

Basi mvua ilikuwa adui wa kila kimoja kati ya vyombo hivyo. Tone moja likianguka juu ya jicho la kamera, picha yote huwa kama imepigwa nyuma ya pazia. Unyevu hulainisha dawa iliyo juu ya kioo. Tena mawingu hula mwanga, na mwanga ukipungua yapasa jicho la kamera likae wazi muda mrefu zaidi. Katika muda huo ndege akigeuza kichwa mara moja tu, utapata doa la moshi mahali pa ndege. Hata leo, ingawa kamera zetu zina haraka kuliko zile, sheria hiyo ya mwanga haikubadilika.

Ndugu hao hawakukata tamaa. Kiota kikiwa juu, mmoja alipanda mabegani mwa mwenzake, kamera ikainuliwa juu ya miguu mirefu. Kikiwa katika genge la bahari, Cherry alishuka kwa kamba. Mwaka wa 1895 walitoa kitabu cha viota vya ndege wa Uingereza. Maneno aliyaandika Richard, na picha zote za Cherry zilipigwa porini penyewe, si kwa ndege waliokufa na kujazwa majani makavu.

Mwaka uliofuata walikwenda St Kilda. Hivyo ni visiwa vidogo katika bahari ya Atlantiki, mbali magharibi ya Scotland, visivyo na mti hata mmoja, vipigwavyo na upepo na mvua ya bahari. Magenge yake hupita mita 400 kwenda juu. Wenyeji wa huko, ambao hawakufika hata mia, waliishi kwa ndege wa bahari kama wengine waishivyo kwa ng'ombe: nyama yao na mayai yao walikula, mafuta yao waliwashia taa, manyoya yao walimlipa mwenye nchi. Wanaume walishuka magenge kwa kamba, miguu mitupu, kuwakamata. Yuko ndege wa huko aitwaye fulmari. Ukimkaribia kiotani hukutemea mafuta yenye harufu mbaya isiyotoka upesi nguoni. Ndugu Kearton waliwapiga picha ndege na watu pia. Ni vema walifanya hivyo, kwa kuwa mwaka wa 1930 wenyeji 36 waliosalia waliomba wenyewe wahamishwe. Leo hakuna aishiye kule kwa ndege.

Tufike sasa kwa ng'ombe. Mwaka wa 1900 ndugu hao walichukua ngozi ya ng'ombe, wakaitandaza juu ya mifupa ya mbao nyepesi, wakaacha ndani nafasi ya mtu na kamera, na tundu la kuchungulia. Waliona kwamba ndege wa malishoni hawamwogopi ng'ombe. Richard aliingia tumboni mwa ng'ombe huyo, akasimama ameinama mgongo, akangoja. Siku moja ng'ombe alipinduka pamoja naye. Picha ya mnyama huyo, miguu juu, bado ipo, nasi twaweza kucheka bila dhambi. Baadaye walitengeneza kondoo wa namna hiyo, na jiwe la uongo.

Taabu hii yote ilikuwa ya nini? Sababu ya kwanza ni picha yenyewe, maana ndege akimwona mtu huruka. Lakini iko sababu ya pili, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika habari hii.

Yai lililoatamiwa ni kitu chenye uhai, nalo huhitaji joto la digrii 37 au 38 hivi, karibu sawa na joto la mwili wetu. Kinda aliyetoka katika yai leo ni ngozi tupu. Hawezi kujipasha joto. Mama yake ndiye blanketi lake, ndiye paa lake, ndiye moto wake. Siku ya jua mama akiondoka kidogo kutafuta chakula, hakuna neno. Siku ya mvua na baridi mambo ni mengine. Mtu akisimama karibu na kiota, mama hukaa juu ya tawi la mbali akilia, asithubutu kurudi, na kule kiotani maji yanaingia. Mpiga picha anasafisha kioo chake, anatafuta mahali pazuri zaidi, anasema: bado kidogo. Makinda hayana "bado kidogo". Muda mfupi waweza kutosha kuyaua, na yule mtu akarudi nyumbani na picha nzuri ya kiota cha maiti bila kujua.

Sisi tuliochunga mbuzi utotoni tunalijua jambo hili, hata kama hatulisemi. Tuligundua kiota, tukafurahi, tukaita wenzetu, tukaenda kukitazama asubuhi na jioni, hata siku ya mvua. Hatukupiga manati, hatukuiba yai. Tulitazama tu. Halafu siku moja tulitia kidole tukakuta baridi. Tulisema nyoka amepita. Nyoka hangaliacha makinda pale.

Kumbe katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu, sura ya 22, Musa aliweka agizo juu ya mtu akutaye kiota njiani: asimtwae mama pamoja na watoto wake. Katikati ya sheria za nyumba, mashamba na ndoa, Mungu alikumbuka pia kiota.

Kwa hiyo mafundi wa kweli huchukua siku nyingi kabla ya kupiga picha moja. Husimamisha kibanda kidogo cha kitambaa au cha majani mbali na kiota. Mama akikizoea, kesho yake hukisogeza hatua chache, na kesho kutwa tena. Ikiwa mama anakataa kurudi, kibanda hurudishwa nyuma. Siku ya picha, watu wawili huingia pamoja mle kibandani. Kisha mmoja hutoka akaenda zake waziwazi. Ndege hajui hesabu: ameona mtu akitoka, basi moyo wake unatulia, anarudi juu ya mayai yake. Aliyebaki ndani hukaa na baridi yake. Miguu inakufa ganzi, maji yanadondoka shingoni. Afadhali mtu apoe kuliko yai.

Uvumilivu huo ulizaa pia jambo kubwa kwa wenye elimu. Zamani mtu akidai ameona ndege wa ajabu, hawakumsadiki mpaka ampige risasi na kuleta ngozi yake. Bibi mmoja Mwingereza, Emma Turner, alikutana na Richard Kearton mwaka wa 1900, akajifunza kazi ya kamera, akaenda kukaa katika mashua yenye nyumba huko Norfolk, nchi ya mabwawa na matete. Katika mabwawa hayo alikuwako zamani ndege wa jamaa ya korongo, mwenye rangi ya matete makavu, lakini mwishoni mwa karne ya 19 aliacha kuzaa katika Uingereza, kwa ajili ya bunduki na kwa kukaushwa kwa mabwawa. Mwaka wa 1911 Bibi Turner, pamoja na mlinzi mmoja wa mabwawa hayo, alipata kinda la ndege huyo, akalipiga picha. Picha hiyo ilikuwa ushahidi kwamba ndege wale wamerudi kuzaa.

Siku hizi katika Uingereza sheria ya mwaka wa 1981 yakataza kuwasumbua kiotani ndege walio wachache, hata kwa ajili ya picha, pasipo kibali. Na vyama vya wapiga picha vimeandika katika kanuni zao kwamba usalama wa kiumbe hutangulia picha. Cherry Kearton mwenyewe alipita huku kwetu: mwaka wa 1913 alianza safari na Mmarekani James Barnes toka pwani ya mashariki ya Afrika mpaka pwani ya magharibi, wakikatiza katika Kongo.

Ninyi wanafunzi wenye simu, viacheni viota siku za mvua. Mvua yenyewe itawapa picha nyingine. Chukueni mfuko wa plastiki usio na tundu, na kitambaa kikavu kilichofichwa kifuani. Mkitoka katika baridi na kuingia jikoni penye joto, msiitoe simu au kamera mara moja, maana kioo kitajaa umande. Iacheni katika mfuko wake mpaka ipate joto polepole. Kisha mvua ikipungua nendeni ziwani Kivu, mkamtazame mnandi amesimama juu ya jiwe, amenyosha mabawa yake mawili ayakaushe, naye hana haraka. Ama ngojeni karibu na kichuguu. Mvua ikikatika, kumbikumbi watatoka kama moshi, na mbayuwayu, na mwewe, na ndege wadogo ambao majina yao nyanya zetu wanayajua kuliko sisi, watakuja wote mahali pamoja kwa karamu. Saa hiyo hakuna hata mmoja atakayewatazama ninyi.