Maji ya foraji yakigeuka mekundu: tafuta kwanza kutu inatoka wapi

Hali hii wengi wenu mnaijua. Foraji imechimbwa, pompa imewekwa, siku ya kufungua watu wamepiga makofi. Maji yanatoka safi kabisa. Lakini bido ikilala nyumbani usiku mmoja, asubuhi maji yamekuwa na rangi ya machungwa. Chai inakuwa nyeusi. Nguo nyeupe ya kwenda kanisani inapata madoa. Ndipo wamama wanaanza kusema: «Mayi hii iko na kutu, hatuiwezi.» Polepole wanarudi mtoni. Pompa haijakufa, ni watu wameikimbia.

Hatari iko hapo. Chuma kidogo kilichomo ndani ya maji hakileti kolera. Kinaharibu ladha na rangi tu: Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kwamba kikipita miligramu 0,3 kwa lita moja, kinaanza kuchafua nguo. Lakini maji ya mto na ya ziwa ndiyo yanaleta kolera, na sisi wa mashariki, kuanzia Uvira na Fizi hadi Kalemie, tunajua ugonjwa huo unafanya nini katika familia. Kwa hiyo kusafisha maji ya foraji si mambo ya urembo. Ni kuwarudisha watu kwenye maji yasiyowaua.

Koperativi nyingi zinajenga chujio la mchanga, kisha baada ya miezi michache linaachwa. Tuone kwa nini, na namna ya kulifanya litumike vizuri.

Kutu inatoka udongoni au kwenye tiyo?

Hili ndilo swali la kwanza, na mara nyingi halijibiwi.

Kutu inaweza kutoka chini ya ardhi. Mvua inaingia katika udongo wenye chuma. Kule chini hewa haiko, kwa hiyo chuma kinayeyuka katika maji sawa vile chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi: kiko, lakini hukioni. Maji yakipanda juu na kukutana na hewa, chuma kinageuka vipande vidogo vyekundu. Ndiyo sababu maji yanatoka safi, kisha yanabadilika.

Lakini kutu inaweza pia kutoka kwenye pompa yenyewe. Pompa nyingi, kama India Mark II, zimewekwa na tiyo za chuma zilizopakwa zinki. Kama maji ni makali, yaani pH yake iko chini ya 6,5, zinki inaliwa haraka na tiyo inaanza kuoza. Utafiti uliofanywa Afrika ya Magharibi, ukatolewa na PNUD pamoja na Benki ya Dunia mwaka 1994, ulionyesha wazi kwamba zinki hailindi tiyo katika maji ya namna hiyo.

Jaribio hili halina gharama:

1. Funga pompa jioni, mtu asipige usiku mzima.
2. Alfajiri, jaza chupa ya plastiki inayoonekana ndani kwa maji ya kwanza kabisa. Andika namba 1.
3. Pigeni pompa kwa zamu dakika 30 bila kusimama. Jaza chupa namba 2.
4. Endeleeni dakika 30 zingine. Jaza chupa namba 3.
5. Acha chupa zote wazi mpaka kesho yake, kisha uziweke mbele ya karatasi nyeupe.

Kama namba 1 ni nyekundu sana, na namba 3 imebaki karibu safi, kutu inatoka kwenye tiyo: maji yalilala ndani yake usiku na kuila. Kama zote tatu zina rangi moja, kutu inatoka udongoni.

Kama ni tiyo, msijenge chujio. Mtatumia simenti na pesa, na tiyo itaendelea kuoza mpaka itoboke au ianguke ndani ya shimo. Pesa hiyo ikusanywe kwa kununua tiyo za plastiki zinazofaa pompa yenu, au za chuma kisichoota kutu. Mwiteni fundi wa pompa, atoe tiyo, na komite ione kwa macho.

Chujio linafanya kazi kwa vitu vitatu: hewa, muda na mchanga

Kama kutu ni ya udongoni, chujio linafaa. Linaweza kuwa la matofali na simenti, au la mapipa matatu ya lita 200.

*Hewa.* Maji yasiingie kwa mkondo mmoja mnene. Yapite kwanza katika sahani yenye matundu mengi yaliyotobolewa kwa msumari, yaanguke kama mvua juu ya mawe madogo. Chuma hakihitaji hewa nyingi: miligramu moja ya chuma inatumia miligramu 0,14 tu ya oksijeni. Kinachohitajika ni maji kugawanyika vizuri ili hewa iyaguse yote.

*Muda.* Hapa ndipo machujio mengi yanashindwa. Chuma kinahitaji muda wa kugeuka na kutua chini. Katika maji yenye pH 7 au zaidi, ni suala la dakika. Yenye pH 6, kazi hiyo inakwenda polepole karibu mara 100. Fanyeni hesabu: pompa ya mkono inatoa kama lita 12 kwa dakika. Pipa la kutulia la lita 200 linayapa maji dakika 16 hivi. Ukiongeza pipa la pili, yanapata nusu saa. Kama maji yenu ni makali na mawe ya chokaa yanapatikana karibu, yawekeni katika pipa la kwanza, yanapunguza ukali.

*Mchanga.* Pipa la mwisho linanasa vipande vilivyobaki. Chini weka mawe madogo, juu yake mchanga mnene wa mtoni uliooshwa na kuchekechwa. Mchanga laini kama unga unaziba mara moja. Robine ya kutokea ipandishwe juu kupita usawa wa mchanga, ili mchanga ubaki umefunikwa na maji wakati wote.

Namna ya kujua ni wapi panakosea

Chujio likianza kutoa maji mabaya, msibomoe chochote. Chukua maji yanayotoka kwenye robine ya mwisho, uyaangalie mara mbili.

Kama yanatoka safi, lakini baada ya masaa machache katika chupa yanakuwa mekundu, chuma kimepita mchanga kikiwa bado kimeyeyuka. Mchanga hauna kosa. Ongezeni matundu kwenye sahani, ongezeni kimo cha kuangukia maji, au ongezeni pipa la kutulia.

Kama yanatoka tayari mekundu, hewa na muda vinatosha; mchanga ndio umeshindwa. Ama umejaa uchafu, ama maji yamejitobolea njia pembeni ya pipa, ama watu wanapiga pompa kwa haraka kuliko chujio linavyoweza.

Jambo moja linalowashangaza wengi: chujio jipya halifanyi vizuri siku za kwanza. Chembe za mchanga zikishapata ngozi nyembamba ya kahawia, ngozi hiyo inasaidia kuvuta chuma zaidi. Kwa hiyo wakati wa kuosha msisugue mchanga mpaka ung'ae. Toeni matope, acheni ngozi.

Kuosha: kazi ndogo inayookoa kazi kubwa

Hapa ndipo chujio linakufa au linaishi. Uchafu ukijaa, maji yanatoka kidogo kidogo, mstari unakuwa mrefu, na mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kungoja. Anachukua maji kabla ya chujio, au anaenda mtoni.

Msingoje rangi ibadilike. Siku chujio liko safi, pimeni linajaza bido ya lita 20 kwa dakika ngapi, na muandike katika kaye ya komite. Pimeni tena kila juma. Muda ukifika mara mbili ya ule wa kwanza, oshe siku hiyo hiyo:

- Jaza pipa la mchanga maji mpaka juu.
- Koroga sehemu ya juu ya mchanga kwa mkono au kijiti.
- Fungua robine kubwa ya chini kwa ghafla, matope yatoke kwa nguvu.
- Rudia mpaka maji yatoke bila matope.
- Toa pia tope lililotua katika pipa la katikati.

Maji ya kuoshea yaende katika shimo la mbali na foraji. Msiyaelekeze katika bwawa la samaki, kwa sababu tope la chuma linaziba mashavu yao na hawapati pumzi.

Komite ichague watu wawili kwa kazi hii, na angalau mmoja awe mama, kwa kuwa wamama ndio wanaojua saa ya kufunga pompa bila kuleta matata.

Chujio hili haliui vijidudu

Lazima tuseme wazi. Chujio la namna hii linatoa chuma, halitoi kolera. Foraji iliyofunikwa vizuri ina maji mazuri, lakini bido chafu inayaharibu njiani. Wakati wa kolera, fuateni maagizo ya zone ya afya kuhusu klori, na muiweke baada ya chujio, kamwe si kabla. Chuma kinakula klori: ukiitia katika maji yenye kutu, inaisha bila kuua kitu. Baada ya nusu saa, klori iliyobaki inapaswa kuwa kati ya miligramu 0,2 na 0,5 kwa lita.

Na shambani?

Kumwagilia kitalu kwa ndoo hakuna shida. Lakini koperativi zenye tiyo za matone zijue kwamba kutu inaziba vitundu vidogo. Chuma kikipita miligramu 1,5 kwa lita, kuziba kunakuwa kukali. Pitisheni maji hayo katika pipa la hewa na la kutulia kabla ya kuyaingiza katika tiyo.

Kabla ya mkutano wenu ujao

Tunaomba kila komite ya maji ifanye jaribio la chupa tatu, na kuzileta mkutanoni. Wekeni chupa mezani, wanamemba wote wazione, wamama na wababa. Kisha ndipo muamue franga za mchango ziende wapi: kwenye tiyo, au kwenye chujio. Uamuzi uliofanywa mbele ya chupa tatu hauna mabishano mengi.