Kidugala: Kambi ya Wapolandi na Uchumi wa Vita Ubena

Kidugala ni kata ya Wilaya ya Wanging'ombe, mkoani Njombe, kusini-magharibi mwa Makambako. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kituo cha misheni cha hapo kilipokea mamia ya wakimbizi kutoka Poland. Ilikuwa moja ya kambi za Wapolandi nchini Tanganyika, pamoja na Tengeru, Kondoa, Morogoro na Ifunda.

Misheni za Ubena, yaani nchi ya Wabena ilipo Kidugala, zilianzishwa na Walutheri wa Berlin, Ujerumani. Uingereza ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani Septemba 1939, Wajerumani wa Tanganyika walihesabiwa kuwa raia wa adui. Wanaume wengi waliwekwa kizuizini, na mashamba yao yakawa mikononi mwa msimamizi wa mali za adui.

Wapolandi walikuwa wamepitia kifungo kigumu zaidi. Jeshi la Kisovieti liliingia mashariki mwa nchi yao tarehe 17 Septemba 1939, na kuanzia Februari 1940 familia nzima zilipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Wengi walipelekwa kukata magogo katika baridi kali. Mgawo wa mkate ulifuata kazi: asiyefikisha kiwango alipata kipande kidogo, na kesho yake, akiwa na njaa, alizidi kushindwa. Njaa ndiyo iliyokuwa nyapara.

Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwaka 1941, Moscow ilipatana na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, na wafungwa wakaachiliwa. Mwaka 1942 zaidi ya watu 100,000 walivuka hadi Iran pamoja na jeshi la Jenerali Władysław Anders. Wanajeshi walikwenda vitani; wanawake, watoto na wazee wengi wakaletwa Afrika. Katika kambi za Tanganyika walipata chakula, shule, kanisa na matibabu, wakitawaliwa na maofisa wa Kiingereza.

Wenyeji nao walibebeshwa mzigo wa vita. Mwanzoni mwa 1942 Japani iliteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, vilivyokuwa vyanzo vikubwa vya nyuzi za kamba. Mkonge wa Tanganyika ukawa bidhaa ya kivita, na serikali ikaandikisha watu kwa lazima kwenda mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kukusanya manamba (vibarua wa mkataba), na Nyanda za Juu Kusini zikawa miongoni mwa maeneo yaliyowatoa.

Japani pia ilikuwa mzalishaji mkubwa wa pareto. Pareto ya Japani ilipokosekana sokoni kwa sababu ya vita, kilimo cha zao hilo kilipanuliwa kwenye miinuko yenye baridi. Maua yalichumwa kwa mkono, yakakaushwa upesi yasioze, kisha yakatengenezwa dawa ya kuua mbu na wadudu wengine waliowasumbua askari.

Vita vilipokwisha, mkutano wa Yalta wa Februari 1945 ulikuwa umekwisha kuiachia Urusi mashariki ya Poland, na wakimbizi wengi hawakuwa na nyumba ya kurudia. Walihamia Uingereza, Kanada na Australia. Waliofia Kidugala walizikwa huko, na makaburi yao yapo hadi leo. Lakini historia ya vita vile Ubena haikamiliki kwa makaburi hayo peke yake. Watu waliopelekwa mkongeni kwa lazima ni sehemu yake pia.