Mkuu wa mazingira Oklahoma na kesi ya samadi ya kuku

Kuku wa nyama anayefugwa kwa mkataba mashariki mwa jimbo la Oklahoma, Marekani, ana wenyewe wawili. Kifaranga na chakula ni vya kampuni. Banda, bili ya umeme, kazi na mkopo wa benki ni vya mfugaji. Kuku akishafikisha uzito, lori la kampuni linakuja kumchukua. Kinachobaki sakafuni ni maranda yaliyochanganyika na kinyesi, na hicho kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa mali ya mfugaji.

Wengi wetu tungeona hiyo ni neema. Samadi ya kuku ni mbolea kali, na mfugaji wa huko huitandaza kwenye malisho ya ng'ombe wake au kumuuzia jirani. Tatizo liko kwenye fosforasi. Nyasi huhitaji nitrojeni nyingi na fosforasi kidogo, lakini samadi ya kuku ina fosforasi nyingi kupita uwiano huo. Ukimwaga ya kutosheleza nitrojeni, fosforasi inabaki kwenye udongo mwaka hadi mwaka. Wataalamu wa udongo wa jimbo hilo wanasema kipimo kikifika 65, nyasi hazina faida tena na nyongeza. Hata hivyo, kanuni za jimbo ziliruhusu wakulima kuendelea kumwaga hadi kipimo cha 300. Mvua ikinyesha, ziada inateremka hadi Mto Illinois, unaoanzia jimbo jirani la Arkansas na kuingia Ziwa Tenkiller lililoko Oklahoma. Fosforasi hulisha mwani, na maji yaliyokuwa maangavu yanageuka kijani.

Juni 2005 Oklahoma ilizishtaki kampuni za kuku, ikiwemo Tyson na Cargill, katika mahakama ya shirikisho mjini Tulsa. Hati ya madai ilikuwa na majina mawili upande wa jimbo. La kwanza ni Drew Edmondson, Mwanasheria Mkuu. La pili ni Miles Tolbert, ambaye wakati huo alikuwa Katibu wa Mazingira wa jimbo, na aliingia kwenye kesi kama mdhamini wa maliasili. Wafugaji wenyewe hawakushtakiwa. Hoja ya jimbo ilikuwa kwamba mwenye kuku ndiye mwenye kinyesi.

Hapo ndipo inapofaa kueleza cheo hiki ni cha namna gani, maana neno "katibu" linaweza kumpoteza msomaji. Si karani wala si katibu mkuu wa wizara. Ni kama waziri katika serikali ya jimbo, anayeteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo. Baraza la namna hiyo lilianzishwa Oklahoma kwa sheria ya mwaka 1986. Msomaji wa Kenya anaweza kumlinganisha na waziri wa kaunti, ambaye naye huteuliwa na gavana na kupitishwa na bunge la kaunti.

Ukisikia cheo utadhani mtu huyu ndiye anayekagua mabanda na kufunga visima vya mafuta. Sivyo. Mabanda ya kuku yako chini ya Idara ya Kilimo, yenye mkuu wake mwingine. Visima vya mafuta na gesi viko chini ya tume ya watu watatu wanaochaguliwa na wananchi kwa kura, na gavana hawezi kuwaamuru. Alichonacho mkuu wa mazingira ni kuziweka idara kwenye meza moja, kupokea fedha za shirikisho za kusafisha maji na kuzigawa, na kile cheo cha udhamini. Sheria ya shirikisho inamtaka gavana ateue mdhamini anayeweza kudai fidia kwa niaba ya umma pale maliasili inapoharibiwa.

Hizo fedha zisidharauliwe. Sehemu yake hupitia kwa Tume ya Hifadhi ya jimbo na kumfikia mkulima kama mchango wa gharama: anayejenga uzio ili ng'ombe wasishuke mtoni, au kuacha ukanda wa miti na nyasi kando ya maji, hurudishiwa sehemu ya alichotumia.

Udhamini nao ulikutana na kisiki. Julai 2009 Jaji Gregory Frizzell aliamua kwamba Taifa la Cherokee, kabila la asili lenye maslahi katika maji hayo, lilipaswa kuwemo kwenye kesi. Kwa kuwa halikuwemo, madai ya fidia ya fedha yalitupwa. Ilibaki kuomba amri ya kusimamisha uchafuzi. Kesi ikasikilizwa hadi mapema 2010, kisha jaji akakaa na hukumu kwa karibu miaka 13.

Katika miaka hiyo ya kusubiri, ofisi yenyewe ilibadilika sura. Mwaka 2013 Gavana Mary Fallin aliunganisha nishati na mazingira chini ya mtu mmoja, akamteua Michael Teague, kanali mstaafu wa kikosi cha wahandisi wa jeshi. Kumpa mtu mmoja kazi ya kutetea mafuta na kulinda maji ni sawa na kumpa mmoja alinde mbuzi na shamba la mihogo, lakini Oklahoma iliona ni bora ugomvi uishie ndani ya ofisi moja.

Jaribio likaja upesi. Kabla ya 2009 jimbo lilikuwa likipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 na zaidi. Mwaka 2015 yalikuwa takriban 900. Aprili mwaka huo taasisi ya jiolojia ya jimbo ilisema kuna uwezekano mkubwa kwamba mengi yalisababishwa na maji ya chumvi yanayotoka na mafuta, ambayo hurudishwa chini kabisa ya ardhi kwa pampu. Teague ndiye aliyeongoza baraza la kuratibu suala hilo, lililoundwa na gavana mwaka 2014. Aliita wanajiolojia, kampuni na tume, akahakikisha takwimu zinafika mezani. Kufunga kisima hata kimoja hakuweza. Septemba 3, 2016 Pawnee ilipopigwa na tetemeko la 5.8, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa jimboni, visima zaidi ya 30 viliamriwa kufungwa, na amri ilitoka kwa ile tume ya watatu. Kufikia 2017 matetemeko yalikuwa yameshuka hadi karibu 300 kwa mwaka. Sifa wanagawana, ingawa kwa maoni yangu kalamu ya tume ndiyo iliyofanya kazi.

Hukumu ya kuku ilitoka Januari 2023. Jaji Frizzell aliona kampuni zinawajibika kwa fosforasi iliyoingia mtoni, akazitaka zikubaliane na jimbo kuhusu njia ya kusafisha. Hazikukubaliana. Desemba 2024 pande zote zilirudi kortini kutoa ushahidi wa hali ya mto kwa wakati huo. Wafugaji walikuwa na hofu ya haki: kampuni ikiona gharama ya samadi imeiangukia, inaweza kutoongeza mkataba, na banda lenye deni benki haliwezi kugeuzwa ghala la mahindi.

Gavana Kevin Stitt aliipinga kesi hiyo waziwazi, akisimama na wafugaji na kampuni. Mwezi huo huo alimwondoa mkuu wake wa nishati na mazingira, Ken McQueen, na nafasi akampa Jeff Starling. Gavana hahitaji idhini ya yeyote kumwondoa katibu. Kesi haikuondoka naye. Ilikuwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu Gentner Drummond, ambaye alichaguliwa kwa kura na gavana hana uwezo wa kumfuta kazi, na Juni 2025 jaji aliamua kwamba hali ya mto haikuwa imebadilika kiasi cha kuifuta hukumu.